Upepo wa Jua na kometi 67P: uigaji wa kompyuta ulipopatia na ulipokosea

Tarehe 26 Julai 2015, Rosetta, chombo cha shirika la anga la Ulaya, kikiwa umbali wa kilomita zipatazo 170 kutoka kwenye kiini cha kometi 67P/Churyumov-Gerasimenko, kipimasumaku chake kilirekodi jambo ambalo halikutarajiwa mahali pale. Uga sumaku, ambao kwa miezi mingi ulikuwa ukipanda na kushuka bila kutulia, ulianguka hadi karibu na sifuri, ukabaki hivyo kwa dakika zipatazo 25, kisha ukarudi. Chombo kilikuwa kimejikuta ndani ya uwazi usio na uga sumaku, yaani eneo linalozunguka kiini ambamo uga unaobebwa na upepo wa Jua hauwezi kupenya. Katika kometi ya asili, uwazi wa namna hiyo ulikuwa umepimwa mara moja tu kabla ya hapo, mwezi Machi 1986, chombo cha Giotto kilipopita karibu na kometi Halley. Uigaji wa kompyuta uliofanywa kwa ajili ya 67P ulikuwa umetabiri kwamba uwazi huo ungekuwepo, ila uliuweka mpaka wake karibu zaidi na kiini kuliko pale ulipokutwa.

Kisa hiki kinastahili kuchambuliwa kwa sababu watu wale wale, kwa programu zile zile na kwa kometi ile ile, walikuwa wametabiri jambo jingine kwa usahihi wa kupendeza, nalo ni jinsi upepo wa Jua unavyokunjwa njia yake. Swali ni kwa nini modeli moja ipatie hapa na ikosee pale. Jibu ninaloliona halihusu ukubwa wa kompyuta kwanza. Linahusu uamuzi unaofanywa kabla ya hesabu kuanza: ni kitu gani kitahesabiwa kama chembe moja moja, na kitu gani kitahesabiwa kama mmiminiko, yaani kitu kimoja kinachotiririka kama maji.

Kizuizi kinachozaliwa ndani ya mkondo

Upepo wa Jua ni plazima, mchanganyiko wa protoni, elektroni na ioni chache za heli, unaotoka kwenye Jua pande zote. Katika umbali wa Dunia, mwendo wake ni kilomita zipatazo 400 kwa sekunde, msongamano wake ni protoni kama 5 katika sentimita moja ya ujazo, nao hubeba uga sumaku wa nanotesla zipatazo 5. Habari ya kuwepo kwake ililetwa kwanza na kometi zenyewe. Mwaka 1951 Ludwig Biermann alieleza kwamba mikia ya ioni ya kometi haiwezi kusukumwa na mwanga peke yake, hivyo lazima kuwe na chembe zinazotoka kwenye Jua bila kukoma. Mwaka 1957 Hannes Alfvén aliongeza kwamba mkia huo ni alama ya mistari ya uga sumaku inayoning'inia juu ya kichwa cha kometi kama kitambaa kilichotundikwa juu ya kamba, na mwaka uliofuata Eugene Parker akatoa nadharia ya upepo wenyewe.

Sayari huuzuia upepo huo kwa njia zinazoeleweka kwa urahisi zaidi. Dunia ina uga wake wa sumaku, ambao husimamisha upepo kwenye umbali wa kama nusukipenyo 10 za Dunia upande wa Jua. Zuhura na Mirihi hazina uga wa jumla wa kuzikinga, lakini zina angahewa iliyoshikwa na mvutano, na tabaka la juu la angahewa hiyo lenye ioni hufanya kazi ya ngao. Katika hali zote hizo, anayeandika programu anajua mahali pa kukiweka kizuizi.

Kometi haina mahali pa namna hiyo. Kiini cha 67P kina ncha mbili zilizoungana, na sehemu yake kubwa ina urefu wa kama kilomita 4 tu. Barafu inapopata joto hugeuka mvuke moja kwa moja, na mvutano wa kiini ni dhaifu kiasi kwamba mvuke huo hukimbia kwa mwendo usiofika kilomita 1 kwa sekunde, ukipungua msongamano kwa kipeo cha pili cha umbali. Katika umbali wa Dunia, molekuli ya maji hupoteza elektroni kwa wastani baada ya muda wa kama sekunde milioni moja, kwa hiyo nyingi husafiri mamia ya maelfu ya kilomita kabla ya kuwa ioni. Kizuizi hicho basi huzaliwa ndani ya mkondo wenyewe, ioni moja baada ya nyingine, katika eneo kubwa mno kuliko kiini kinachokilisha. Vilevile hubadilika na msimu. Rosetta ilipofika Agosti 2014, kometi ikiwa mbali na Jua zaidi ya mara tatu na nusu ya umbali wa Dunia, ilikuwa ikitoa mvuke kidogo sana. Ilipopita periheli, yaani mahali pa njia yake palipo karibu zaidi na Jua, tarehe 13 Agosti 2015, kwenye umbali wa mara 1.24 ya ule wa Dunia, utoaji ulikuwa umefika kiwango cha molekuli zipatazo 10^28 kwa sekunde.

Chembe au mmiminiko?

Njia ya zamani zaidi ya kuiga hali hii ni kuichukulia plazima yote kuwa mmiminiko mmoja unaopitisha umeme. Njia hiyo ni ya haraka, na kwa kometi kubwa kama Halley ilifanya kazi nzuri. Sharti lake ni kwamba ioni zizunguke mistari ya uga sumaku kwa duara dogo kuliko umbo linalochunguzwa. Hapo ndipo 67P inapovunja sharti, na hesabu yake ni fupi. Ioni ya maji iliyozaliwa ndani ya upepo wa kilomita 400 kwa sekunde wenye uga wa nanotesla 5 huzunguka kwa nusukipenyo cha kama kilomita 15,000. Protoni yenyewe, ambayo ni nyepesi mara 18, huzunguka kwa kama kilomita 800. Mbali zaidi na Jua, ambako uga ni dhaifu, duara hizo hupanuka zaidi. Wakati Rosetta ilipofika, eneo lote ambamo kometi ilikuwa na athari ya maana lilikuwa dogo kuliko duara moja la ioni yake. Ioni hizo changa hazikuzunguka kabisa. Zilianguka tu kuelekea upande mmoja, kama jiwe lililoachiwa.

Kwa sababu hiyo wataalamu waligeukia modeli chotara. Ndani yake ioni huhesabiwa kama chembe, mamilioni kwa mamilioni, kila moja ikifuata njia yake, ilhali elektroni huhesabiwa kama mmiminiko usio na tungamo, ambao kazi yake ni kusawazisha chaji. Thorsten Bagdonat na Uwe Motschmann walichapisha mwaka 2002 uigaji wa namna hiyo katika vipimo vitatu, wakionyesha jinsi mazingira ya kometi yanavyokua kutoka dhaifu hadi yenye nguvu. Ikumbukwe kwamba mwaka huo Rosetta ilikuwa bado inaandaliwa kwa ajili ya kometi nyingine, 46P/Wirtanen. Roketi ya aina ya Ariane 5 iliposhindwa safari yake Desemba 2002, kurushwa kwa Rosetta kuliahirishwa hadi tarehe 2 Machi 2004, na lengo likabadilishwa kuwa 67P.

Njia ya tatu ni kuhesabu kila kitu kama chembe, elektroni zikiwemo. Gharama yake ni kubwa mno. Ili programu ya kawaida ya aina hiyo isiharibike, visanduku vya gridi yake lazima vikaribiane kwa ukubwa na umbali ambao chaji moja hufunikwa na zile zinazoizunguka hata isihisiwe mbali zaidi, ambao katika upepo wa Jua ni kama mita 10. Sanduku kubwa lenye upande wa kilomita 10,000 lingehitaji visanduku milioni moja kwa kila upande, yaani 10^18 kwa jumla, na hakuna kompyuta inayoweza kubeba hesabu hiyo. Wanaotumia njia hii hulazimika kuchagua mbinu za hisabati zinazoruhusu visanduku vikubwa zaidi, na mara nyingi huzifanya elektroni kuwa nzito kuliko zilivyo, ili uwiano wa tungamo kati ya protoni na elektroni uwe kwa mfano 100 badala ya 1,836.

Palipopatiwa: upepo unaokunjwa

Kwanza nieleze kinachotokea, maana ndicho kiini cha kisa chote. Tuchukue eneo ambamo nusu ya ioni ni protoni zinazokwenda kilomita 400 kwa sekunde, na nusu nyingine ni ioni za maji zilizozaliwa karibuni na ambazo bado hazijasogea. Elektroni lazima zisawazishe chaji na mkondo, kwa hiyo kwa jumla hufuata wastani wa ioni zote, yaani kilomita 200 kwa sekunde. Uga sumaku hufuata elektroni, hivyo nao hupunguza mwendo hadi 200, na kwa kuwa uga unaofuata nyuma bado unakuja kwa 400, mistari yake hurundikana na nguvu yake huongezeka kama mara mbili. Sasa protoni inajikuta inakwenda haraka kuliko uga uliomo, nayo inasukumwa kando. Ioni ya maji inajikuta inakwenda polepole kuliko uga huo, nayo inasukumwa kando pia, ila kwa upande wa pili. Momenta inayopatikana upande mmoja ndiyo inayolipwa upande mwingine.

Jambo hili lilikuwa limeonekana kabla, kwa njia ya jaribio. Desemba 1984 wanasayansi wa mradi wa AMPTE walitoa wingu la metali ya bari katika upepo wa Jua nje ya uga wa Dunia, na wingu hilo, ambalo wengi walidhani lingesukumwa moja kwa moja kuelekea mbali na Jua, mwanzoni lilisogea kando. Kwa maoni yangu jaribio lile ni mojawapo ya majaribio mazuri zaidi yaliyowahi kufanywa angani, kwa sababu liliionyesha kanuni hiyo peke yake, bila utata wa kometi halisi.

Modeli chotara, ambayo inazifuata ioni moja moja, hulitoa jambo hili bila kulazimishwa. Modeli ya mmiminiko mmoja haiwezi, kwa kuwa ndani yake protoni na ioni za maji zinakwenda pamoja daima. Inaweza kupunguza mwendo, lakini haiwezi kutenganisha njia. Hapo vipimo vikatoa hukumu. Kifaa cha ioni cha ICA, kilichotengenezwa na Taasisi ya Fizikia ya Anga ya Sweden mjini Kiruna, kilizipata ioni za maji zilizoongezwa mwendo tangu Agosti 2014. Kadiri kometi ilivyokaribia Jua, protoni zilizidi kukunjwa, zikavuka pembe ya nyuzi 90, nyingine zikaonekana zikirudi upande wa Jua, ingawa mwendo wao haukuwa umepungua sana. Kisha, mwishoni mwa Aprili 2015, zikatoweka kabisa mahali chombo kilipokuwa, na hazikurudi hadi Desemba mwaka huo. Rosetta ilikuwa ndani ya eneo tupu ambalo upepo wa Jua haukulifikia.

Etienne Behar na wenzake walionyesha mwaka 2018 kwamba sehemu kubwa ya umbo la eneo hilo inaweza kupatikana bila kompyuta kubwa. Walichukua protoni moja moja, wakazipa kani ya kukunja inayopungua kwa kipeo cha pili cha umbali kutoka kwenye kiini, na njia za protoni hizo zikajipanga zenyewe kando ya mkunjo mmoja wenye msongamano mkubwa, nyuma yake kukiwa kutupu. Nalipenda tokeo hili kwa sababu linaupa uigaji mkubwa kitu ambacho hauwezi kujipa, yaani maelezo. Modeli ya vipimo vitatu inatoa picha iliyo sahihi, lakini haisemi ni kipi kati ya mamia ya mambo yaliyomo ndicho kilichoizalisha.

Palipokosewa: uwazi usio na uga

Turudi kwenye dakika zile 25. Nadharia iliyotumika kuueleza uwazi wa Halley ilikuwa rahisi. Nje kuna uga sumaku uliorundikana unaosukuma ndani, na ndani kuna mvuke unaokimbia nje ukizisugua ioni. Pale kanieneo ya uga inapolingana na msuguano huo ndipo mpaka unapokaa. Kwa Halley, ambayo ilikuwa ikitoa mvuke mara makumi kadhaa kuliko 67P, mpaka ulipatikana kati ya kilomita 4,000 na 5,000, na nadharia ilikubaliana na kipimo. Modeli chotara za 67P zilibeba wazo lile lile ndani ya milinganyo yake, na kwa hiyo zilitoa uwazi mdogo uliotulia.

Uliopatikana haukuwa mdogo wala haukutulia. Baada ya ugunduzi wa Julai, Charlotte Goetz na wenzake walipekua data zote na kuhesabu matukio 665 kati ya Aprili 2015 na Februari 2016, kwenye umbali wa kuanzia kilomita 40 hivi hadi 400. Wakati huo Rosetta ilikuwa ikisogea kuizunguka kometi kwa mwendo wa mtu anayetembea polepole, mita 1 hivi kwa sekunde. Kwa mwendo huo haiwezekani kwamba chombo ndicho kilichovuka mpaka mara mamia. Mpaka ndio uliokuwa ukikijia na kukiacha.

Maelezo ya kwanza yaliyotolewa ni kwamba mpaka huo huyumba, kama uso wa maji unaopigwa na upepo, na kwamba mawimbi yake au mapovu yaliyojitenga hufika mbali kuliko mpaka wa wastani. Hilo linaweza kueleza idadi kubwa ya matukio, lakini kwangu haliutoshelezi umbali. Maelezo ya pili yalitoka kwenye uchambuzi wa Pierre Henri na wenzake mwaka 2017, ambao waliona kwamba mahali pa mpaka panafuatana vizuri na umbali ambao elektroni huacha kugongana mara kwa mara na molekuli za mvuke. Ndani ya umbali huo elektroni hupozwa na migongano na hushikamana na mvuke, na nje yake huwa huru. Kama elektroni ndizo zinazobeba uga sumaku, basi mahali zinaposhikwa na mvuke ndipo na uga unapozuiliwa.

Hapa ndipo uamuzi wa awali unapodai malipo. Modeli chotara ilizifanya elektroni kuwa mmiminiko usio na tungamo, wenye joto linalofuata kanuni rahisi. Kwa kukunjwa kwa protoni hilo halikudhuru kitu, kwa sababu pale elektroni zinahitajika kufanya jambo moja tu, kusawazisha chaji. Kwa mpaka wa uwazi, hata hivyo, migongano na joto la elektroni ndiyo kisa chenyewe, na modeli ilikuwa imekwisha kuyafuta kabla ya hesabu kuanza. Hakuna gridi nyembamba zaidi ambayo ingeyarudisha.

Uigaji wa chembe zote uliochapishwa na Jan Deca na wenzake mwaka huo huo wa 2017, ukiiangalia kometi ikiwa bado dhaifu, ulionyesha kwamba makundi manne, yaani elektroni na ioni za kometi, na elektroni na ioni za upepo wa Jua, hutenda kama mimiminiko minne iliyofungamana, kila moja na njia yake. Huo haukuwa uigaji wa uwazi wa periheli, na mtu asiuchukue kuwa jibu la mwisho. Lakini ulithibitisha kwamba elektroni za kometi na elektroni za upepo wa Jua si kitu kimoja.

Kuna sababu ya tatu, ambayo haisemwi mara nyingi inavyostahili. Rosetta ilikuwa peke yake. Ilipokuwa ndani ya eneo tupu, hakuna chombo kilichokuwa mbele kikipima upepo uliokuwa ukifika. Waliofanya uigaji walilazimika kukadiria msongamano, mwendo na uga wa upepo kutokana na vipimo vilivyochukuliwa karibu na Dunia au Mirihi, kisha kuvisogeza kwa hesabu hadi kwenye kometi. Modeli inapopishana na kipimo katika hali hiyo, kosa laweza kuwa katika fizikia ya modeli, au katika upepo ulioingizwa mlangoni.

Kutafuta wimbi la mshtuko

Upungufu huo ulionekana tena katika suala la wimbi la mshtuko, mpaka ambapo upepo hupunguzwa mwendo ghafla kabla ya kukifikia kizuizi. Kati ya Septemba na Oktoba 2015 Rosetta ilipelekwa upande wa Jua hadi umbali wa kilomita 1,500, na wimbi kamili halikukutwa. Hilo lilipatana na modeli zilizoliweka mbali zaidi. Mwaka 2018 Herbert Gunell na wenzake walirudi kwenye data na kwenye uigaji kwa pamoja, wakatambua katika vyote viwili dalili za wimbi changa, lisilo na ulinganifu, lililokaa upande mmoja wa kometi wakati ilipokuwa na utoaji wa wastani tu. Dalili hizo zilikuwamo ndani ya data muda wote. Kilichokosekana ni picha ya kumwambia mtafiti atafute umbo gani, na picha hiyo ililetwa na uigaji.

Rosetta ilimaliza kazi yake tarehe 30 Septemba 2016 kwa kutua juu ya kiini. Hatua inayofuata ni Comet Interceptor, safari ya shirika la anga la Ulaya kwa kushirikiana na Japani, iliyopangwa kurushwa mwaka 2029 ikiwa na vyombo vitatu vitakavyotengana kabla ya kuipita kometi. Vyombo vitatu vitapima mahali patatu kwa wakati mmoja, na hapo mpaka unaosogea utaweza kutofautishwa na chombo kinachosogea. Kometi yenyewe haijachaguliwa. Vyombo vitasubiri angani hadi ifaayo ipatikane. Wanaoandaa uigaji kwa hiyo hawajui watapewa kometi ya aina ya Halley au ya aina ya 67P, kizuizi cha kilomita elfu nyingi au cha mamia machache, na watalazimika kuwa na modeli inayofaa kotekote, yenye elektroni zinazogongana, kupoa na kupashwa joto, kabla hawajajua hata jina la kitu wanachokiiga.